Moniteri Aliyetufundisha Kujipanga Mstari

Saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya Jumamosi, filimbi ililia mara tatu chini ya miti ya mikaratusi, na wavulana wakaanza kukimbia kuelekea kule ilikolia. Saa hiyo naijua kwa sababu kazi yangu katika Kikosi, gwaride la wavulana wa kanisa letu, ilikuwa kuandika kwenye daftari saa ya kila mkusanyiko. Niliandika kwanza, kisha nikainua macho. Moniteri, mwalimu wetu, alikuwa amesimama karibu yangu, ameshika ngoma aliyokuwa anaikaza kamba, na mdomoni mwake hapakuwa na filimbi.

"Nani anapuliza?" aliniuliza.

Filimbi alikuwa amempa kaporali wetu, mvulana mkubwa kuliko wote, ambaye muda mfupi kabla aliteremka mtoni kuwaita waliokwenda kuchota maji. Lakini kaporali alijua kwamba saa ya mkusanyiko ilikuwa bado.

Wavulana wengine walikuwa wanapalilia maharage ya kanisa, kwenye mteremko ulio juu ya kijiji cha Bihambwe. Sheria ya Kikosi waliijua wote. Filimbi ikilia mara tatu, acha jembe, kimbia, na kabla mtu hajamaliza kuhesabu ishirini uwe umeshajipanga kwa urefu, mikono chini, macho mbele. Ukishakuwa kwenye mstari, hutikisiki kwa sauti ya mtu yeyote. Ni filimbi tu inayokuondoa.

Waliokuwa sehemu ya chini ya shamba ndio waliowahi. Walikuwa kumi na mmoja. Walijipanga safu mbili zilizonyooka, na nyuma yao, kutoka kwenye miti, wakatokea watu saba wenye bunduki. Moniteri aliitupa ngoma.

"Kimbieni! Batoto, kimbieni!"

Waliokuwa bado juu ya shamba walitawanyika, lakini mstarini hakuna aliyesogea. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini, na mtu ambaye hakupita katika Kikosi ni vigumu kumweleza. Moniteri alikuwa na desturi ya kuwajaribu. Alisimama nyuma ya mstari akapiga kelele, "Nyoka!" au "Nyumba inaungua!" Aliyegeuka alipigwa kofi. Miaka mingi aliwafundisha kwamba kelele inayotoka nyuma ni mtego wa mwalimu. Siku ile walidhani anawajaribu, na walikuwa wanajitahidi kumfurahisha.

Mtu aliyeshika filimbi aliwapita mbele akiwatazama mmoja mmoja, kama anayenunua mbuzi. "Muko na adabu sana," akawaambia. "Hamuna kazi ya kufundishwa tena."

Moniteri alishuka mbio mpaka kwao. Walimpiga kitako cha bunduki kinywani, akaanguka, akainuka, wakampiga tena mpaka akalala. Mimi nilikuwa nimeingia kwenye mtaro wa juu ya shamba, nikabaki humo mpaka kila kitu kilipokwisha. Waliwatwika wavulana magunia ya maharage ya kanisa wakaondoka nao upande wa magharibi, kuelekea misitu ya Walikale. Jioni tulimkuta kaporali kando ya mto, amekatwa shingo.

Moniteri alikuwa mkulima wa maharage na muhogo kama sisi sote. Mwili wake ulikuwa mwembamba na mikono yake mirefu kupita kiasi. Jumamosi aliwafundisha wavulana, na Jumapili aliketi kwenye benchi la nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango. Aliimba vibaya, tena kwa nguvu. Kabla ya gwaride aliosha miguu kwa maji ya moto akavaa viatu vyake vyeusi. Gwaride likiisha alivivua, akavifunga kamba pamoja na kuvining'iniza shingoni, akarudi nyumbani miguu mitupu. Alisema viatu ni vya Kikosi na miguu ni yake.

Alikuwa na ubao wa mita moja kamili, aliouchonga mwenyewe, wa kupimia nafasi kati ya mvulana na mvulana. Kila Jumamosi alikagua kucha. Mwenye kucha chafu alizikata kwa wembe mbele ya wenzake, polepole, huku akimuuliza habari za nyumbani kwao, nani anaumwa, kuku wangapi wamebaki. Alichukia askari wa kila aina. Askari akipita barabarani, Moniteri aliingia shambani mpaka apotelee mbali. Lakini gwaride alilipenda kuliko kitu chochote duniani, na sijawahi kuona usoni mwake furaha kama ile aliyokuwa nayo safu mbili zinapogeuka kwa mguu mmoja.

Kikosi hakukianzisha yeye. Kilianza wakati wa babu zetu, na siku ya kupokea wavulana wapya alitusimulia mwanzo wake kwa maneno yale yale. Palikuwa na mchungaji mzungu ambaye shule yake ya Jumapili ilimkimbia. Wavulana walitoroka kwa madirisha. Lakini askari wa serikali walipofanya gwaride, wavulana wale wale walisimama juani nusu siku nzima kutazama. Mchungaji akaenda kwa sajini mmoja mstaafu, akamwomba aje awafundishe watoto wa kanisa kutembea vile. Sajini alikuja na filimbi yake. Kwa kuwa hapangekuwa na bunduki, mchungaji akawapa Biblia ya kubana chini ya kwapa la kushoto. Ndiyo maana hata sisi, ambao wengi hatukuwa na Biblia, tulitembea mkono wa kushoto umebana mbavu, kama tumeshika kitu. Watu wa vijiji vingine walitucheka kwa mkono huo.

"Gwaride tuliliazima kwa maaskari," alimalizia kila mwaka, "tukalileta kwa Mungu."

Baada ya ile Jumamosi aliongeza neno moja. "Na maaskari bakakuya kuchukua kitu yao."

Desturi nyingine ilikuwa ya kuni. Mvulana akishafungwa fulari ya buluu shingoni, Moniteri alimpa mama mjane mmoja. Kila Jumamosi, kabla ya mkusanyiko, mvulana alimpelekea mama yule mzigo wa kuni, na hakuruhusiwa kupokea kitu, hata kiazi. Moniteri ndiye aliyechagua mjane wa kila mmoja, na hakueleza kwa nini. Mvulana mmoja, jina lake Faustin, mwenye miaka kumi na miwili na miguu mifupi, alipewa mjane aliyekaa ng'ambo ya kilima cha pili. Kwa hiyo Faustin alichelewa mkusanyiko karibu kila mara.

Moniteri alipiga. Ni lazima niseme hivyo, kwa kuwa leo watu wanapomzungumzia wanaliacha jambo hilo. Alipiga kwa fimbo ya mkaratusi, kwenye miguu, kwa hesabu, bila hasira, na baada ya hapo alikula ugali sahani moja na aliyempiga. Jumamosi moja kabla ya watu wa bunduki kuja, Faustin alifika mstari umeshanyooka. Moniteri alimchapa kumi mbele ya Kikosi chote mpaka damu ikatoka nyuma ya magoti. Hakumuuliza ametoka wapi. Juma lililofuata, filimbi ilipolia kwenye mikaratusi, Faustin alikuwa wa kwanza kufika kwenye mstari. Nilimwona kwa macho yangu, anakimbia kichwa mbele, anawapita wakubwa.

Siku tatu baadaye, Moniteri akiwa bado anakunywa uji kwa mrija kwa sababu ya taya, mama mjane wa ng'ambo alifika kanisani kuuliza habari za mtoto anayemletea kuni. Alieleza kwamba Jumamosi ya kabla ya hiyo, ile ya fimbo, kamba ya mzigo ilikatika njiani, Faustin akaufunga upya mara mbili, ndiyo maana alichelewa. Moniteri alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda nyuma ya kanisa akakaa huko mpaka jua likazama.

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi moja tu, kuwarudisha wale kumi na mmoja. Nilimnakilia ukurasa wa daftari, majina yao, urefu wa kila mmoja kwa sentimita, na makovu yanayojulikana. Akaukunja ndani ya plastiki na kuanza safari za kwenda Walikale, mara kwa pikipiki, mara nyingi kwa miguu, akilima msimu mmoja na kutafuta msimu mwingine. Kila aliporudi, Mama Faustin alikuwa anamngoja kwenye njia panda, jembe begani.

"Moniteri, umefika wapi?"

Alimtajia mahali alipofika. Mama aliitikia, akaendelea na njia yake. Hakumlaumu hata siku moja, na Moniteri aliniambia ingekuwa nafuu kama angemtukana.

Wanne walitoroka wenyewe katika miezi ya kwanza. Watatu aliwaleta yeye, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka mingi. Watatu walikufa. Kaburi la mmoja alionyeshwa, la pili aliambiwa liko wapi, na wa tatu walimwambia alitupwa mtoni, asipoteze wakati. Hiyo ni kumi. Aliyebaki alikuwa Faustin.

Katika miaka hiyo aliyageuza mafundisho yote ya Kikosi. Wazee wa kanisa walitaka kifungwe. Yeye alikataa, akasema kikifungwa wavulana watabaki na yale waliyokwisha kujifunza. Akaondoa mistari. Wavulana walikaa mduara chini. Filimbi ikawa na maana moja, kimbilia kwenye muhogo ulale, usitoke mpaka mama yako akuite kwa jina la nyumbani. Na Jumamosi nzima aliwafundisha kukataa amri.

"Simama!" aliwaamuru.

"Juu ya nini, Papa?" walijibu wote, wakidai sababu, wakiwa wamekaa.

"Juu nimesema."

"Haitoshi, Papa."

Walicheka mpaka wakalala chini. Siku moja alimtuma mdogo kuliko wote amletee maji.

"Juu ya nini, Papa?"

"Juu niko na kiu."

Mtoto alifikiri. "Ile sasa iko sababu," akasema, akaenda kuyachota.

Mchungaji wetu hakupendezwa. "Papa Moniteri, weye unaharibisha batoto. Mutoto akizoea kuuliza juu ya nini, kesho atamuuliza baba yake."

"Amuulize," Moniteri akasema.

"Na Mungu je?"

"Mungu haiko na bunduki, Pasta. Yeye anaweza kuulizwa."

Watu wa bunduki walirudi, si wale wale, ila walikuwa wamesikia habari. Walipuliza filimbi katikati ya kiwanja. Wavulana ishirini na wanne walipotea kwenye muhogo kama maji yanavyoingia mchangani. Watu wale walipuliza tena na tena, wakazunguka, wakapiga risasi ovyo kwenye majani, wakamjeruhi mwanamke mmoja begani. Mwishowe wakachoma ghala la kanisa na kumkamata Moniteri. Walimtaka awaite. Alikataa. Waliweka mkono wake wa kulia juu ya ngoma, mkubwa wao akauliza mara moja zaidi, kisha mmoja akakata vidole viwili kwa panga, kile kidogo cha mwisho na kinachofuata. Moniteri alipiga kelele, kama mtu yeyote angefanya, lakini kelele yake haikuwa na jina la mtoto hata mmoja ndani yake. Mimi nilikuwa na wavulana kwenye muhogo. Mkono wangu ulikuwa juu ya kinywa cha yule aliyeomba sababu ya maji.

Jioni, tulipomfunga mkono kwa fulari, aliniuliza jambo moja tu. "Kuko mwenye alisimama?"

"Hakuna."

"Basi iko vizuri."

Moniteri alimwona Faustin kwa mara ya kwanza kwenye barieri, ile miti inayolazwa barabarani ili watu watozwe pesa, upande wa Walikale. Hakuwa mtoto tena. Alikuwa na bunduki na ndevu zinazoanza. Moniteri aliporudi kutoka safari ile alikuwa anatembea ameinama, hawezi kuvaa shati. Nilimpaka mafuta mgongoni, naye akanisimulia huku amelala kifudifudi.

"Chef yao, mukubwa wa barieri, alisema, huyu muzee iko mupelelezi, mumupe makumi mbili. Kijana mwingine akachukua fimbo. Faustin akasema, lete, mi njo nitamupiga."

"Alikujua?"

"Alinijua. Alihesabu kwa sauti, vile nilibafundisha kuhesabu hatua. Moja, mbili, tatu. Yule mwingine angenipiga mpaka nife."

Nilichovya vidole tena kwenye mafuta. Akasema, "Kumi na tisa zilikuwa za chef. Ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe."

Jeraha la ile ya mwisho lilikuwa na kina kuliko mengine. Nililiona. Mama Faustin alipomuuliza amefika wapi, alimjibu kwamba amemwona mtoto, ni mzima, ana nguvu. Hakumwambia nguvu hizo alizijuaje.

Mara ya mwisho kumwona Moniteri ilikuwa Mubi, upande wa Walikale. Kazi yangu siku hizi ni kutengeneza betri na paneli za jua, jambo nililojifundisha kwa vitabu vya maelezo, na mwenye duka mmoja wa Mubi alikuwa ameniita. Mvua ilikuwa imekwisha kunyesha. Barabara ilijaa tope jekundu, pikipiki na malori yanayopakia. Mbele ya duka la pili nilimwona Moniteri ameketi juu ya kreti la bia, magoti pamoja, anazungumza na kijana mnene mwenye simu mbili. Kijana yule alikuwa mwenye shimo la dhahabu kule Omate. Faustin alikuwa ameliacha kundi la porini zamani na kuingia shimoni kwake kuchimba, na sasa hakuruhusiwa kutoka mpaka alipe deni. Aliyejaribu kutoroka kabla yake walimvunja mikono yote miwili kwa nyundo ya kupasulia mawe, wakamwacha pale barabarani ili kila anayepita amwone.

"Huyu iko na deni ya dola mia tano," kijana alisema.

"Mia tano ya nini?"

"Chakula. Tochi. Munganga. Shimo ilibomoka, mguu yake ikavunjika, nani alilipa? Ni miye."

"Na kazi alitumika miaka miwili?"

"Papa, kazi tulishakula. Weye lipa, ao rudi kulima."

Moniteri alitoa pesa kutoka ndani ya soksi na kuanza kuzihesabu kwa mkono wa vidole vitatu. Alikuwa ameuza shamba lake la juu, la maharage, lililokuwa uzima wake wote. Kijana alizipima noti kwenye mwanga moja moja, akakataa mbili zilizokuwa na kitundu kidogo, nami nikambadilishia. Kisha akapiga simu, na baada ya nusu saa pikipiki ikamleta Faustin, matope mpaka kiunoni, mguu wa kushoto umepinda. Kijana mnene alimsukuma kidogo begani kuelekea kwetu, akaondoka.

Faustin hakusalimia. "Uliuza shamba?"

"Njo."

"Ile ya juu?"

"Njo ile," Moniteri akakubali.

"Juu ya zile fimbo kumi?"

"Ya fimbo, na ya mengine."

Faustin alicheka kidogo kwa pua. "Mi nilikupa makumi mbili. Sasa weye njo ungenidai."

"Mama yako anauliza," Moniteri akasema.

Kicheko kikamtoka usoni. Alitazama barabara. Upande mmoja pikipiki zilikuwa zinaita watu wa Walikale, njia ya kupandia kwetu. Upande mwingine lori lililojaa magunia liliwasha injini, na kijana wa lori alikuwa anapiga ubavu wake kwa kofi. "Kisangani! Kisangani, nafasi moja!"

"Karibu na Bihambwe kuko nyumba nilichoma," Faustin alisema kwa sauti ya chini. "Batu balikuwa ndani."

"Najua."

"Bale bengine banajua?"

"Bamoja banajua."

"Sasa niende wapi?" Alimkaribia. "Sema, Papa. Sema tu panda, mi napanda. Kwetu ao Kisangani. Sema."

Moniteri aliweka mikono nyuma. "Sitasema."

"Ulikuya mbali hivi juu ya kunyamaza?"

"Njo."

Nilimtazama Moniteri. Miaka yote hiyo alikuwa amemtafuta kijana huyu ili amrudishe kwa mama yake, na neno moja lingetosha. Faustin alisimama kwenye tope, mikono imening'inia, mtu mzima aliyeua watu, na nilielewa kwamba tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili hakuna aliyewahi kumwachia achague hata upande wa kulala. Alisogea hatua mbili kuelekea pikipiki, akasimama. Kijana wa lori akamfokea, "We kiwete, unapanda ao unatuchekesha?"

Faustin aligeuka, akaenda kwenye lori, akashika kamba na kujivuta juu ya magunia kwa mikono. Akaketi huko ametupa mgongo.

Moniteri alitembea mpaka kwa dereva, akauliza nauli ya mtu mmoja mpaka Kisangani, akalipa. Faustin alimwona analipa, akavua kofia, akaishika mapajani mpaka lori likapinda kwenye miti.

"Mama yake utamwambia umefika wapi?" nilimuuliza.

"Nitamwambia nimefika Mubi," akasema. "Na yeye alienda mahali alichagua."

Tulirudi kwenye kreti, nikatoa kalamu, kwa kuwa alinitaka nimwandikie hesabu ya kumwonyesha mkewe. Sabini zilikwisha njiani, kwenye barieri na pikipiki. Mia tano alichukua mwenye shimo. Hamsini alipokea dereva. Nilijumlisha mara mbili nisikosee, nikamsomea, naye akaitikia kwa kichwa: shamba lote, dola mia sita na ishirini.